Kwa nini dashibodi inasema matatu inakimbia ilhali imekwama kwenye foleni?

*Swali: Mimi ndiye mwanaprogramu pekee katika sacco ya matatu za Rongai. Tuna magari 60, na kila moja lina kifaa cha GPS kinachotuma kasi, mahali na hali ya injini. Gari likitembea, kifaa hutuma kila sekunde 10. Likisimama, hutuma kila dakika 5. Data hupokelewa na Kafka (programu ya kupokea na kupitisha jumbe), kisha Flink (programu inayokokotoa data ikiendelea kuingia) hukokotoa wastani wa kasi wa kila gari kwa kila dakika 15, na wa siku nzima. Asubuhi magari yakiwa yamekwama Lang'ata Road, dashibodi husema yanakwenda kilomita 37 kwa saa, na madereva wananicheka. Wastani wa siku haulingani na ule ninaoupata nikichanganya wastani wa saa zote. Safari za baada ya saa sita usiku wa Jumamosi zinahesabiwa Jumamosi badala ya Jumapili. Kuna pia vipimo vinavyopotea kabisa, hasa gari likitoka mahali pasipo mtandao. Mwenzangu anasema tatizo ni data inayochelewa, niongeze muda wa kungoja hadi saa nzima. Mwingine anasema tununue seva kubwa. Wenye magari wanataka kuanza kulipa bonasi za madereva kwa namba hizi mwezi ujao. Nifanye nini?*

Naanza na seva, kwa sababu hapo naweza kukuokolea pesa leo hii. Usinunue. Gari likitembea mfululizo hutuma vipimo 6 kwa dakika, yaani 360 kwa saa. Tuseme likae barabarani saa 18 bila kusimama hata mara moja, jambo ambalo Nairobi halipo: ni vipimo 6,480. Zidisha kwa magari 60, unapata 388,800 kwa siku nzima. Mzigo huo kompyuta ya kawaida ya ofisini inaubeba. Mfumo wako haujachoka hata kidogo.

Na kungoja saa nzima hakutakuponya. Hata kama kila kipimo kingefika sekunde ile ile kilipochukuliwa, dashibodi bado ingesema 37. Chukua karatasi tupige hesabu. Gari linaingia Lang'ata Road saa moja kamili asubuhi, linakwenda kilomita 40 kwa saa kwa dakika 5, kisha linaingia kwenye foleni na kusimama kabisa kwa dakika 10, hadi saa moja na robo. Katika zile dakika 5 za mwendo, kifaa kimetuma vipimo 30, vyote vikisema 40. Katika dakika 10 za foleni kimetuma vipimo 2, vyote vikisema sufuri. Flink inajumlisha: 30 mara 40 ni 1,200, gawanya kwa vipimo 32, unapata 37.5. Hiyo ndiyo namba yako.

Sasa pima kwa saa ya ukutani. Dakika 5 kwa kasi ya 40, dakika 10 kwa kasi ya sufuri: 200 gawanya kwa 15 ni 13.3. Kama hesabu hiyo ina shaka, iulize barabara. Gari lililokwenda kilomita 40 kwa saa kwa dakika 5 limesogea kilomita 3.3. Lingekuwa kweli limekwenda 37.5 kwa robo saa nzima, lingekuwa limesogea kilomita 9.4. Dereva anayekucheka anajua hajasogea kilomita 9.

Hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe. Wewe ulitaka kujua gari lilikuwa na kasi gani katika dakika hizo 15. Ulichokokotoa ni wastani wa namba zilizoandikwa kwenye jumbe zilizoingia katika dakika hizo 15. Majibu ya maswali hayo mawili hulingana pale tu kifaa kinapotuma kwa nafasi zinazolingana, usiku na mchana, gari likienda au likilala. Kifaa chako hakifanyi hivyo, wala sikilaumu: waliokitengeneza walitaka kuokoa betri na data ya simu. Lakini kwa kufanya hivyo wameupa mwendo sauti nyingi na foleni sauti moja moja. Ukihesabu sauti, mwendo utashinda kila siku.

Kosa hili nalijua kwa sababu liliwahi kunikalia mkononi. Miaka kadhaa iliyopita nilitunza mfumo wa kampuni iliyokuwa ikileta maziwa Nairobi kutoka Nyandarua kwa malori ya baridi. Kipimajoto cha lori kilikuwa kikituma mara moja kwa saa joto likitulia, na kila dakika likianza kubadilika. Alfajiri moja mfumo wangu uliripoti kwamba shehena ilisafiri kwa wastani wa digrii 9, na mpokeaji akakataa kushusha. Dereva hakubishana. Alifungua tangi, akachota kikombe, akanisogezea akasema, "Onja, mkubwa." Yalikuwa baridi hadi meno yakauma. Nilirudi kwenye data nikakuta saa 8 nzima za usiku kwa digrii 4, vipimo 8 tu; kisha dakika 20 mlango ukiwa wazi wakati wa ukaguzi, vipimo 20 vyenye wastani wa digrii 11. Ukihesabu vipimo unapata 9 kamili. Ukipima kwa muda unapata 4.3. Msimbo wangu ulikuwa umemfanya mtu aliyefanya kazi yake vizuri aonekane mzembe, na ndiyo sababu nimesita sana nilipofika kwenye neno lako la bonasi. Nitalirudia.

Tiba yake ni hii. Acha kukiona kipimo kama kitu cha kuhesabiwa. Kila kipimo ni madai yanayodumu: "kuanzia sasa, hadi utakaponisikia tena, kasi ni hii." Kwa hiyo kabla data haijaingia kwenye dirisha lolote, yaani kipindi kinachokokotolewa pamoja kama zile dakika 15, igeuze kutoka vipimo kuwa vipande vya muda. Kila kipande kina gari, mwanzo, mwisho, na thamani. Ndani ya Flink unafanya hivyo kwa kuweka kumbukumbu ndogo ya kila gari: kipimo chake cha mwisho na saa yake. Kipimo kipya kikiingia, unakitoa kipande kilichoanzia kwenye kile cha zamani na kuishia kwenye hiki kipya, kisha unakihifadhi kipya badala yake. Basi.

Kipande kinachovuka mpaka wa dirisha ukikate. Gari limetuma sufuri saa moja na dakika 13, kisha likanyamaza hadi saa moja na dakika 18. Dakika 2 ni za dirisha linaloisha saa moja na robo, na dakika 3 ni za dirisha linalofuata. Dirisha la kawaida la Flink haliwezi kukufanyia hivi, kwa sababu kila dirisha linaona vilivyomo ndani yake tu. Halijui kilichosemwa dakika moja kabla halijafunguka. Ndiyo maana nasisitiza ukate kabla ya kuingiza dirishani. Weka pia kengele ya muda kwa kila gari kwenye mwisho wa dirisha, ili hata gari lisipotuma chochote, kipande chake kifungwe mpakani na kingine kianze upande wa pili. Bila kengele hiyo, gari lililoegeshwa litakosekana kwenye ripoti, na mtu atafikiri limeibwa.

Ukishakuwa na vipande vilivyokatwa, hesabu yenyewe ni nyepesi kushinda uliyo nayo sasa. Kwa kila dirisha beba jumla mbili: jumla ya thamani mara sekunde, na jumla ya sekunde. Gawanya ya kwanza kwa ya pili wakati wa kuonyesha tu, usigawanye kabla. Hapa tatizo lako la wastani wa siku linaisha lenyewe. Ulikuwa unachukua wastani wa saa zote na kutafuta wastani wake, kana kwamba saa yenye vipimo vya dakika 8 ina uzito sawa na saa iliyopimwa yote. Jumla zinajumlishika: za dakika 15 zinazaa za saa, za saa zinazaa za siku, na za gari moja zinazaa za sacco nzima. Wastani haujumlishiki. Wala kile kipimo cha "asilimia 95 ya magari yako chini ya kasi fulani" hakijumlishiki, kwa hiyo ukija kuombwa hicho, usiwe na haraka ya kukitafutia wastani.

Sasa kuna swali ambalo hukuuliza lakini litakupata wiki ya kwanza. Kipimo hudumu hadi kipimo kingine kije, je, kisipokuja? Gari limeshuka kwenye maegesho ya chini ya jengo likiwa na kasi ya kilomita 12 kwa saa, mtandao ukakatika, likakaa humo dakika 50. Usikubali mfumo useme lilikuwa likizunguka humo kwa kilomita 12 muda wote huo. Weka ukomo: kipimo cha gari linalotembea kiaminiwe kwa sekunde 30, yaani mara tatu ya nafasi yake ya kawaida, na cha gari lililosimama kwa dakika 6 au 7. Muda unaozidi hapo uuite kwa jina lake, muda usiojulikana, na uuweke kwenye safu yake. Dashibodi iseme: wastani 13.3, umepimwa dakika 15 kati ya 15. Au wastani 21, umepimwa dakika 6 kati ya 15. Mwenye gari akiona "6 kati ya 15" atajua namba hiyo si ya kumwitia mtu ofisini. Mimi ningechagua safu hiyo moja kuliko michoro yote ya rangi.

Sasa tuje kwa mwenzako anayesema tatizo ni kuchelewa. Hakukosea kabisa, ila ameweka la pili mbele ya la kwanza. Vipimo vyako vinavyopotea ni vile ambavyo kifaa kilivihifadhi palipokosa mtandao, kisha kikavituma kwa mkupuo. Kila kipimo kina saa mbili: saa kilipochukuliwa barabarani, na saa kilipofika kwako. Kokotoa kwa ile ya barabarani. Naamini unafanya hivyo tayari, maana ungekuwa unatumia saa ya kufika visingepotea. Vingeingia kwenye dirisha lisilo lao, na hilo ni baya zaidi kwa sababu halionekani.

Flink hujua wakati wa kufunga dirisha kwa kutumia wotamaki. Ni alama inayosafiri ndani ya mkondo, yaani mtiririko wa data, ikisema: sitarajii tena kipimo cha kabla ya saa hii. Wotamaki ikipita saa moja na robo, dirisha la saa moja hadi saa moja na robo linafungwa, na kipimo chake kikija baadaye kinatupwa usipokuwa umeagiza vingine. Unapoweka muda wa kungoja wa dakika 2, maana yake wotamaki itatembea dakika 2 nyuma ya kipimo kipya kuliko vyote ulivyoona.

Kwa wastani wa kawaida, mpangilio wa vipimo haujalishi: jumlisha huku, jumlisha kule, jibu ni lile lile. Kwa wastani wa muda mpangilio ndio kila kitu. Tuseme umeshatoa kipande cha kuanzia saa moja na dakika 2 hadi saa moja na dakika 6 kwa kasi ya sufuri, kisha kipimo cha saa moja na dakika 4 kinafika kimechelewa kikisema 40. Kile kipande cha kwanza sasa ni cha uongo; kilipaswa kukatwa katikati. Watu wengi huteleza hapa, wanaandika msimbo mzuri wa vipande halafu wanaulisha data isiyopangwa, na wanapata muda hasi au dakika zilizohesabiwa mara mbili. Kwa hiyo kila gari liwe na kibanda chake cha kungojea: vipimo vinaingia humo, vinapangwa kwa saa ya barabarani, na vinatoka kuwa vipande pale tu wotamaki inapovipita.

Ungoje kiasi gani? Usibuni, pima. Kwa wiki moja andika tofauti kati ya saa ya kufika na saa ya kuchukuliwa kwa kila kipimo, kisha uzipange kuanzia ndogo hadi kubwa. Huenda utaona nyingi mno zinafika ndani ya sekunde chache, na mkia mrefu wa chache zinazochelewa dakika 20, saa moja, hata saa tano kwa gari lililolala gereji. Hakuna muda wa kungoja utakaomeza mkia huo bila kuifanya dashibodi iwe ya jana. Wahandisi wa Google walipochapisha Dataflow, muundo wao wa kuchakata data inayotiririka, mwaka 2015, walitenganisha maswali manne ambayo wengi wetu tulikuwa tunayachanganya: unakokotoa nini, kwa kipindi gani cha wakati wa tukio, unatoa jibu lini, na jibu la marekebisho linahusiana vipi na la kwanza. Wewe unajaribu kujibu la tatu na la nne kwa namba moja ya kungoja.

Yatenganishe. Toa jibu la awali kila dakika moja kwa ajili ya mtu wa steji anayetaka kujua magari yako wapi. Toa jibu la kawaida wotamaki inapopita. Kisha liache dirisha likumbukwe kwa saa kadhaa, na kipimo kilichochelewa kikija, litoe jibu lililorekebishwa. Vilivyochelewa kupita hapo usivitupe. Vielekeze pembeni kwenye jedwali lao. Kuna sharti moja: jedwali linalopokea lazima libadilishe namba ya zamani kwa mpya, kwa ufunguo wa gari na mwanzo wa dirisha. Likiongeza badala ya kubadilisha, kila marekebisho yatahesabiwa upya, na kilomita za siku zitavimba.

Mawili ya haraka kuhusu wotamaki, yatakusumbua usiku. Mkondo wako wa Kafka umegawanywa vijito, na wotamaki ya jumla ni ile ya kijito kilicho nyuma kuliko vyote. Magari ya kijito kimoja yakizimwa yote saa tano usiku, kijito hicho kinasimama na kuvishikilia vingine, madirisha hayafungwi. Flink ina mpangilio wa kutangaza kijito kuwa kimelala baada ya muda fulani, uwashe. Hata hivyo magari yote yakilala, hakuna kitu cha kuisukuma wotamaki, na dirisha la mwisho la usiku litangoja gari la kwanza la alfajiri. Ukitaka lifungwe mapema, tuma kipimo bandia cha mapigo, ujumbe wa kuonyesha tu kwamba muda unasonga, kila dakika kwenye kila kijito.

La pili ni saa mbovu. Kifaa kimoja kikituma tarehe ya mwaka ujao, wotamaki ya kijito chake inaruka mbele, na vipimo halali vya magari mengine humo vinaweza kuanza kuonekana vimechelewa. Kinyume chake pia hutokea. Hesabu ya wiki ya GPS hurudi sufuri kila baada ya wiki 1,024, na ilirudi hivyo tarehe 6 Aprili 2019; baadhi ya vifaa vya zamani baada ya hapo vilirudi nyuma karibu miaka 20. Kataa kipimo chochote kilicho mbele ya saa ya seva kwa zaidi ya dakika 2, au kilicho nyuma kwa zaidi ya siku chache, na uandike ni kifaa gani kilichokileta.

Kuhusu Jumamosi na Jumapili. Madirisha ya siku katika Flink huanza saa sita usiku kwa UTC, yaani saa za kimataifa, na Nairobi iko saa 3 mbele. Kwa hiyo siku yako inaanza saa tisa usiku, na safari ya saa saba usiku wa kuamkia Jumapili inabaki Jumamosi. Ukifafanua dirisha la siku, unaweza kulisogeza saa 3 nyuma (hasi 3 kwenye msimbo), nalo litaanza saa sita usiku wetu. Madirisha ya dakika 15 na ya saa hayaguswi, kwa kuwa tofauti yetu na UTC ni saa kamili. Wahindi walio mbele kwa saa 5 na nusu hawana bahati hiyo kwa madirisha ya saa. Lakini kabla hujarekebisha, kaa na mhasibu. Gari lililofanya kazi hadi saa saba usiku limefanya kazi ya Jumamosi, kwa dereva yule yule na hesabu ile ile. Kwa biashara ya matatu, mkato wa saa tisa usiku, wakati karibu magari yote yamelala, mimi nauona bora kuliko wa saa sita. Cha muhimu mfumo na kitabu cha mhasibu vikate siku saa ile ile, na mkato huo uwe mmeuchagua wenyewe.

Je, vipande vya muda ndiyo njia pekee? Hapana, na sitaki uondoke ukidhani hivyo. Wastani wa kasi uliopimwa kwa muda ni kitu kile kile kama umbali uliosafiriwa kugawanya kwa muda uliopita. Kama kifaa chako kinatuma odometa, yaani jumla ya kilomita ambazo gari limesafiri, chukua odometa ya mwisho wa dirisha utoe ya mwanzo, gawanya kwa robo saa, umemaliza. Nafasi za kutuma hazina maana tena. Tatizo ni kama odometa hiyo inakokotolewa kutoka kwa GPS yenyewe: gari lililosimama kati ya majengo marefu huonekana likirukaruka mita kadhaa huku na huku, na mita hizo hujilundika kuwa kilomita. Ningetumia vipande kwa hesabu kuu na odometa kuikagua. Hali ya injini, iwe imewashwa au imezimwa, ihesabu kwa vipande na ushikilie thamani ya mwisho kama nilivyoeleza. Kwa joto au kiwango cha mafuta, vitu vinavyopanda na kushuka polepole, tumia namba ya katikati ya kipimo cha mwanzo na cha mwisho wa kipande. Ni karibu zaidi na ukweli.

Na je, unahitaji mkondo hata kidogo? Kama namba hizi zinasomwa asubuhi ya kesho tu, hapana. Vipimo chini ya 400,000 kwa siku vinaingia kwenye hifadhidata ya kawaida kama PostgreSQL, na swali moja linalotazama kipimo kinachofuata cha gari lile lile linatoa vipande vyote, vimepangwa vizuri, vilivyochelewa vikiwa vimeshafika. Bakiza Flink kwa wanaohitaji kuona sasa hivi. Hata ukibaki na vyote viwili, endesha hesabu ya usiku kila siku na uilinganishe na ya mkondo. Zikitofautiana, ya usiku ndiyo ya kuaminiwa, na tofauti yenyewe itakuonyesha kasoro iko wapi.

Narudi kwenye bonasi. Tafadhali usiruhusu wastani wa kasi ulipe mtu. Hata ukiukokotoa sawasawa, unapima foleni ya Lang'ata kuliko unavyompima dereva, na anayetaka kuupandisha ana njia moja tu, kukimbia sana foleni inapoachia. Magari ya abiria hapa Kenya yana ukomo wa kilomita 80 kwa saa. Kama wenye magari wanataka namba ya mwenendo, wape muda wote uliotumika juu ya 80, ambao unaupata kutoka vipande vile vile. Ila dai vipimo viwili mfululizo kabla hujauhesabu, kwa sababu GPS hurusha namba ya ajabu mara moja moja. Tena data ya mahali alipo dereva ni data yake binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Waambiwe mnakusanya nini na kwa ajili gani, kabla ya mwezi huo kuanza.

Kuna mambo ambayo maandishi haya hayatakufikisha. Kama baada ya marekebisho kilomita zako bado hazikaribiani na odometa ya gari, mwite fundi aliyefunga vifaa aje afungue mbele yako. Waya wa swichi uliounganishwa vibaya hufanya kifaa kiamini gari limezimwa hata likiwa barabarani, na hakuna msimbo wa kuponya waya. Na kabla shilingi ya kwanza haijakatwa au kuongezwa kwa mshahara wa mtu, tafuta mhandisi mzoefu wa mikondo ya data aketi nawe siku nzima, aione data yako yenyewe.

Kabla ya yote hayo, fanya jaribio moja wiki hii. Chagua gari moja na asubuhi moja, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu. Toa vipimo vyake vyote, vipange, kata vipande kwa mkono kwenye lahajedwali, upate madirisha 12. Andika wastani wa kila dirisha na dakika zilizopimwa. Kisha chapisha karatasi hiyo, nenda nayo steji ya Railways gari likiingia, mpe dereva, umwombe akuonyeshe kwa kidole foleni ilianzia wapi.